Kamera Niliyoikataa

Francistown, Botswana
Jumapili mchana

Mpendwa Baba Nakiete,

Nakusalimu kwa upendo, na kupitia kwako namwamkia mama, shikamoo yake. Kifua chake kimepona, au bado anakohoa asubuhi ukungu unaposhuka? Nakiete na mdogo wake wanaendeleaje na shule? Mimi ni mzima wa mwili. Huku ni jua na vumbi, kukavu kuliko hata Makanya, na mvua wanaitaja kama watu wanavyomtaja ndugu aliyepotea.

Barua hii ni ndefu. Naomba uisome ukiwa umekaa, na uisome peke yako kabla hujamsomea mama. Ningekupigia simu, lakini najua mtandao hapo Bombo huupati mpaka upande kule shuleni, na pale kila mtu anasikiliza mazungumzo ya mwenzake. Tena nataka uwe umelisikia jambo hili kwangu kabla Elibariki wa Kihurio hajakufikia na maneno yake. Kama ameshafika, basi soma kwanza, ndipo upime.

Ulipoandika kwamba vijana wa Same wanapanda mlimani na kamera kubwa za video begani na kuchukua harusi zote kuanzia Gonja hadi hapo kwetu, nilielewa. Wewe na kamera yako ya filamu mmebaki na picha za pasipoti na za kipaimara, na hata hizo watu wanachoka kungoja filamu iende Same kusafishwa na kurudi. Uliomba kamera ndogo ya dijitali, ya kuingia mfuko wa koti, inayopiga picha na kuchukua video pia. Nilisema moyoni, hili nitalifanya, maana kuja kwangu huku kutakuwa na faida gani kama baba wa watoto wangu atafunga studio?

Nikaanza kwa maduka. Siku yangu ya mapumziko niliingia duka la kwanza, la jamaa mmoja mwenye maneno matamu. Kila kamera ilikuwa na stika yenye namba ya pikseli, naye aliisoma namba ile kama dalali anayetaja uzito wa ng'ombe mnadani. Nikamwuliza kuhusu video. Akasema ipo. Nikamwambia aiwashe. Ilirekodi kwa muda mfupi, ikajizima yenyewe, na tulipotazama, mtu aliyekuwa akipita mlangoni alikuwa anaruka kama panzi, na sauti haikuwepo kabisa. Nikamwuliza harusi isiyosikika vigelegele nitampelekea nani. Akacheka, akasema wateja wengi hawaulizi hilo. Kuanzia hapo nikawashuku wote.

Duka la pili nilikwangua kona ya stika kwa ukucha, nikakuta namba nyingine, ndogo zaidi, imechapwa kwenye bati lenyewe. Niliirudisha mezani nikatoka. Duka la tatu alikuwepo dada mmoja mpole, akanifundisha kwamba kuna kamera ambayo lenzi yenyewe hutoka nje kuvuta mtu karibu, na kuna nyingine ambayo haivuti chochote, inakuza tu picha iliyokwisha kuipata mpaka uso unavunjika vipande. Nikamwomba twende nayo nyuma ya duka penye giza, kwa sababu nilikuwa nafikiria kanisa letu na madirisha yake madogo. Kule nyuma uso wa yule dada ulitoka kama mkaa. Nikamshukuru, nikarudi zangu bila kitu. Wauguzi wenzangu walinicheka, wakasema ninanunua kamera kama mtu anayechagua mkwe.

Ndipo akaja Elibariki. Wewe unamjua, mtoto wa yule mzee wa mashamba ya mpunga kule Kihurio. Anafanya kazi stoo ya dawa hapa hospitalini kwetu, na kila siku hupita wodini na kitoroli chake. Ndiye aliyenipokea siku niliposhuka kwenye basi, akanionyesha soko, akaniongelesha Kipare mpaka nikalia. Ndiye pia aliyekuwa akibeba vifurushi vyetu kila anapokwenda likizo, na hakuna hata kanga moja iliyowahi kupungua. Alikuja Jumamosi moja mchana katika nyumba za wauguzi, akaketi, nikampa chai, akatoa mfukoni kamera iliyofungwa kwenye leso.

Baba Nakiete, ilikuwa nzuri. Nyembamba, ya rangi ya fedha, ukiizima lenzi inaingia ndani na kujifunika. Niliijaribu video palepale, nikamrekodi akinywa chai. Mkono wake ulikwenda kama mkono wa mtu unavyokwenda, na kijiko kilisikika kikigonga kikombe. Nikaenda nayo chumbani penye giza, ikaona. Kila kitu nilichokuwa nimekitafuta madukani kilikuwamo.

Lakini haikuwa na boksi. Haikuwa na chaja, akasema ataileta baadaye. Haikuwa na karatasi ya maelezo. Nikamwuliza ameipata wapi, akasema kuna mtu anahama, anauza vitu. Mtu gani? Akasema hamjui. Yeye ambaye kwa kawaida husimulia jambo dogo mpaka ugali unapoa, siku hiyo alijibu kwa neno mojamoja.

Nilitoa kile kikadi cha picha nikitazame ukubwa wake, maana nilitaka kujua harusi nzima itaingia au la. Kisha nikaiwasha kamera hivyo hivyo bila kadi, kwa kutojua tu. Picha zikatokea. Kumbe kamera hizi zina nafasi kidogo ndani ya mwili wake, mbali na kadi, na aliyeisafisha kadi hakulijua hilo. Zilikuwamo picha tatu na video moja.

Niliifungua video. Alikuwa bibi kizee kitandani, kitambaa cha bluu kichwani, anaongea Kitswana na mtu aliyeshika kamera, huku akinyoosha kidole kama anayegomba. Nikaona mkono umeingia kutoka pembeni ukiwa na kikombe kidogo cha vidonge, na sauti ikasema, "Bibi, dawa kwanza, maneno baadaye." Ilikuwa sauti yangu. Mkono ule ulikuwa wangu.

Sasa ngoja nikueleze kitu ambacho sikuwahi kukuandikia, kwa sababu niliona aibu.

Bibi yule alikuwa mgonjwa wangu, kitanda cha kumi na moja. Binti yake ni mwalimu, alikuwa akija na kamera anamrekodi, kisha anaiacha kwenye kabati dogo la kitandani ili bibi azitazame picha za wajukuu. Siku bibi alipofariki, kamera haikuonekana. Yule mwalimu alilia mno, na hakuwa akiililia mashine. Alisema mara ya mwisho mama yake kuongea imo mle ndani. Matroni akatuita mmoja mmoja, akatutaka tuandike tulichokiona.

Mimi niliandika kwamba nilimwona Mma Neo, mama wa usafi wa wodi yetu, ameinama kwenye kabati lile. Hilo lilikuwa kweli, maana alikuwa akifuta vumbi. Lakini niliongeza kwamba alionekana ana haraka. Hilo la haraka sikuliona, Baba Nakiete. Nililiweka kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua moyoni mwangu. Mma Neo ana watoto wengi, viatu vyake vimechakaa, hapendi kuongea na sisi wageni. Nilimtazama nikaona mwizi. Walimsimamisha kazi kwa maandishi yangu na ya muuguzi mwingine mmoja. Alipita mbele yangu akiwa amebeba sare yake mkononi, na mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye droo.

Na huyo Elibariki aliyekuwa akipita na kitoroli mbele ya kitanda kile kila asubuhi, sikumwandika hata kidogo. Haikunijia akilini. Mtu anayenisalimia kwa lugha ya mama yangu ningemshuku vipi?

Basi nilirudi sebuleni na kamera mkononi, naye ameketi anamalizia chai. Sikumwambia nilichokiona. Nilimwomba aniachie mpaka Jumatatu nikaijaribu kanisani. Akaniuliza kwa nini nisiamue sasa. Nikamjibu kwamba video ya kanisani ndiyo inayokulisha wewe, nayo siwezi kuijaribu jikoni. Alisitasita, akaitazama kamera, akanitazama mimi, kisha akaondoka. Mlangoni aligeuka, akaniambia nisimwonyeshe mtu.

Nitakuambia ukweli wote, maana nikikuficha nusu sitakuwa na haki ya kukuuliza neno. Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada niliketi na kamera ile. Kuna kitufe chenye mchoro wa pipa la taka. Ukikibonyeza mara mbili kila kitu kinafutika. Niliweka kidole pale. Nilikuwaza wewe umesimama mbele ya maharusi, vijana wa Same wanakuangalia kwa wivu. Niliwaza kwamba bibi ameshazikwa, na kwamba Mma Neo pengine ameshapata kibarua kwingine. Kisha nikaifungua tena ile video, nikasikia sauti yangu ikisema dawa kwanza, maneno baadaye. Ungewezaje kuwapigia watu picha za furaha kwa chombo ambacho mimi nimefuta ndani yake sauti yangu mwenyewe? Nikakitoa kidole.

Jumatatu sikuanza kwa matroni. Nilimfuata Elibariki stoo, nikafunga mlango, nikamwonyesha. Aliitazama video mpaka mwisho. Kisha akasema aliinunua stendi ya mabasi kwa mtu asiyemjua, na kwamba hakujua ilikotoka.

Nikamwambia, "Basi twende wote, ukamwambie matroni hivyo hivyo."

"Siwezi," akasema. "Mgeni akisema amenunua, wanasikia ameiba. Wewe ni mtu wa nyumbani, Naghenjwa. Ifute, mpelekee mumeo, tuishie hapo."

"Na Mma Neo?"

"Mma Neo ana ndugu zake hapa. Mimi nina nani?"

Nilipogeuka kuondoka akasema neno ambalo limenikosesha raha mpaka leo. Alisema, "Kamwulize mume wako kama naye alikuwa hajui."

Sijui kama aliiba au alinunua, Baba Nakiete. Mpaka ninaandika barua hii sijui, na polisi walioitwa na hospitali nao hawakupata uhakika. Ninachojua ni kwamba alipoulizwa alieleza mara tatu, na kila mara yule mtu wa stendi alibadilika, mara mrefu, mara mfupi, mara mwanamke. Hospitali ikamwachisha kazi. Aliondoka juzi kwa basi, na hakuniaga. Kwa hiyo atakuja kusema kwamba nilimchoma mtoto wa nyumbani kwa ajili ya watu wasio wetu. Maneno hayo yatapanda kutoka Kihurio mpaka sokoni kwetu, na pengine yatamfikia mama. Niliyajua hayo tangu nilipokuwa nafungua mlango wa matroni.

Kwa matroni nilikabidhi kamera, kisha nikaomba ile karatasi yangu ya zamani. Akaileta. Nikaandika chini yake kwamba neno la haraka niliongeza mwenyewe, kwamba sikuliona. Akaisoma akiwa amesimama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu nina miaka mingapi katika uuguzi, nikamwambia, akatikisa kichwa, akaiweka kwenye faili. Nimepewa onyo la maandishi, nami nimelipokea.

Mwalimu, binti wa yule bibi, alikuja siku iliyofuata. Aliitazama video mara nne. Kumbe siku ile bibi alikuwa anadai aletewe viatu vyake, kwa sababu kesho yake anaondoka kwenda nyumbani, na hataki kutembea peku mbele ya majirani. Binti alicheka na kulia kwa pamoja. Akaniomba radhi kwa usumbufu, yeye aniombe radhi mimi, nikatamani sakafu ipasuke.

Mma Neo amerudishwa kazini, wodi ya watoto. Nilimfuata nikamwambia yote, kwa Kitswana changu hiki kibovu, na neno la haraka pia. Alikuwa anakamua tambara la deki. Aliendelea kukamua mpaka maji yakaisha, ndipo akasema, "Unaniomba msamaha kwa sababu leo umejua. Siku ile hukujua, na bado ulisema." Kisha akachukua ndoo yake akaenda. Tunapokutana ninamsalimia. Bado haitikii, nami sitaacha kumsalimia.

Sasa kuhusu kamera yako. Nilirudi kwa yule dada mpole wa duka la tatu, nikamweleza hasa unachofanya: ndani ya kanisa, chini ya turubai, kwenye mteremko wenye ukungu, na mahali ambapo umeme ukikatika haurudi siku hiyo. Akaweka kando zote nyembamba nzuri nzuri, akanitolea moja nene, nyeusi, ya kukaa mkononi kama kipande cha sabuni ya kufulia. Haipendezi. Lakini lenzi yake hutoka nje kweli, video ina sauti, na hujizima pale tu kadi inapojaa. Inatumia betri ndogo za kawaida, kama zile za redio ya mama, na nimekuwekea pia seti mbili za kuchaji, maana zile za dukani inazimaliza upesi. Nilimpeleka tena nyuma ya duka penye giza, na safari hii nilimwona macho. Ina udhaifu wake, nisikufiche. Ukishaanza kurekodi video haivuti karibu tena, kwa hiyo itabidi usogee kwa miguu yako mwenyewe, na bwana harusi akikimbia mkimbie wote. Mkono wako usitikisike. Na kadi usiwafutie watu picha zao kabla hazijachapwa, tafadhali sana.

Inakuja kwa mkono wa mama mchungaji, Mtanzania mwenzetu anayekwenda likizo Moshi. Ataiacha Same kwa shemeji yangu, mdogo wako, kwenye duka lake la vipuri. Risiti yenye jina langu imo ndani ya boksi. Mtu yeyote akikuuliza umeipata wapi, mwonyeshe, hata kama hajaiomba.

Limebaki neno moja, na nimelizungukia barua nzima. Baada ya Elibariki kusema vile, niliitoa barua yako, nikaisoma upya. Umeandika, "Elibariki anaweza kukupatia nzuri kwa urahisi, nimeshaongea naye, usimhoji sana." Mara ya kwanza niliposoma niliona ni adabu tu, kwamba nisimsumbue mtu anayetusaidia. Sasa siwezi kuisoma hivyo. Wala siwezi kuisoma vinginevyo. Nikiwa kazini naona ulikuwa unajua, nikirudi nyumbani naona hukujua, na nikikumbuka ulivyomrudia yule mzee wa Kihurio kilomita zote zile kwa sababu ulimpa picha isiyo yake, naona haya kwa kukufikiria hivyo. Nimeshamshuku mtu asiye na kosa kwa viatu vyake, na nimeshamwamini mwingine kwa lugha yake. Kwa hiyo macho yangu siyaamini. Nakuuliza wewe.

Nisalimie mama sana, mwambie dawa ya kifua itakuja pamoja na mama mchungaji. Msalimie wifi yangu wa Gonja na wagonjwa wake, na shangazi Nakundwa anayeniwekea mbegu za maharage ya makande. Mwambie shemeji wa Same asilifungue boksi kabla yako. Nakiete na mdogo wake wabusu kila mmoja shavu la upande wake wasigombane.

Boksi nimelifunga kwa plasta ya hospitali, mizunguko miwili. Ndani ya kamera nimejirekodi nikiwa na sare yangu, nawaita watoto kwa majina, na mwishoni nakuita wewe. Kama ulikuwa hujui, kata plasta hiyo siku ileile, mkae wote mtazame. Kama ulikuwa unajua, niandikie kwanza, uniambie kwa mkono wako, nami nitakujibu lini uikate. Hakuna atakayekuchungulia, na mimi niko mbali. Utaamua mwenyewe mbele ya boksi.

Ni mimi mkeo,
Naghenjwa, Mama Nakiete